Uzoefu wangu na mashine ya peleti za samaki: mashine nzima ni ufungaji wa dai na rola

Wakuu habari za majukumu. Hapa Mwanza naona watu wengi wananunua hizi mashine ndogo za peleti (vile vidonge vya chakula cha samaki), zile za sahani bapa zinazotoka China, halafu baada ya muda unaikuta stoo imefunikwa turubai, ukiuliza unaambiwa ni mbovu. Yangu inapiga kazi mpaka leo, nalisha sato kwenye mabwawa huku Usagara, na nasema wazi mashine siyo mbovu, kinachowaangusha watu ni kufunga dai (ile sahani ya chuma yenye matundu) na rola (zile gurudumu za chuma zinazokandamiza chakula kwenye matundu), na muuzaji hakuonyeshi hilo, anakuwashia, unaona inazunguka, unalipa, basi.

Ni saizi ya 150, yaani dai ina kipenyo cha milimita 150, juu yake zinakaa rola mbili, mota inazungusha dai na rola zinafuata kwa msuguano. Nilipewa dai mbili, ya matundu ya milimita 3 na ya 4. Kitabu chake Kichina mwanzo mwisho.

Sasa kwenye kufunga. Kwanza futa grisi yote ya kiwandani, halafu itazame dai vizuri, matundu upande mmoja yana mdomo mpana kidogo, huo ndio unatazama juu kwenye rola ili chakula kipate pa kuingilia, ukiigeuza kinagoma kushuka na mota inanguruma tu (zipo dai zenye mdomo pande zote mbili, hizo weka unavyotaka). Baada ya hapo rola. Legeza boliti zote mbili za pembeni, shusha rola taratibu mpaka ziguse dai, kisha chukua karatasi ya daftari upitishe katikati ya rola na dai. Karatasi moja ina unene wa karibu milimita 0.1, na nafasi inayotakiwa ni 0.1 hadi 0.3, kwa hiyo ikipita moja kwa kukwaruza uko sawa, zikipita zaidi ya tatu kwa pamoja umeacha mbali. Zungusha dai kwa mkono, umeme ukiwa umezimwa kabisa, rola inatakiwa iguswe hapa na pale, isizunguke muda wote kama imekandamizwa. Na boliti za kulia na kushoto zizungushwe sawasawa, robo huku robo kule, maana ukikaza upande mmoja zaidi rola inakaa mshazari na dai inalika upande. Ukimaliza kaza nati za kufungia, mtetemo wa hii mashine ni mkubwa zitalegea zenyewe.

Ukibana sana utasikia chuma kwa chuma na vumbi jeusi litatoka kwenye peleti, hilo usimpe samaki. Ukiachia sana chakula kinaganda juu ya dai kuwa keki, rola zinateleza juu yake, hakuna kinachotoka chini.

Halafu dai mpya usiipe chakula siku hiyo hiyo, matundu yake bado yana ukwaru wa kutobolewa. Changanya pumba, mchanga laini uliochekechwa na mafuta, pitisha, kinachotoka rudisha tena juu, endelea hivyo mpaka ukimulika tochi matundu yanang'aa ndani. Mzigo huo wote mwaga. Na kila unapomaliza kazi pitisha pumba zenye mafuta uziache humo humo kwenye matundu, maana ukiacha chakula kitupu kinakauka usiku kinakuwa sementi, jirani yangu alishinda siku nzima na drili anazibua tundu moja moja.

Kitu kingine ambacho sisi wa Ziwani tunatakiwa tukiangalie sana ni dagaa. Ukienda Mwaloni Kirumba kuna waliokaushwa kwenye mchanga na waliokaushwa kwenye chanja. Wa mchangani bei ni rahisi ila ule mchanga unasaga dai na rola kila siku, peleti zinaanza kutoka nene na laini bila wewe kujua kwanini. Mimi nachukua wa chanja, nachanganya na mashudu ya alizeti, pumba za mahindi na unga wa muhogo wa kushikisha, vyote visagwe laini kweli kweli. Maji kidogo tu, ukifumbata mkononi kishikane bila kutoa maji. Peleti zikitoka zina moto, zianike kivulini kwanza, ukizifunga kwenye mfuko zikiwa na joto zinaota ukungu.

Wenye vizimba nisikilizeni hapa. Hii mashine inatoa peleti za kuzama, haivimbishi chakula kwa ndani kama ekstruda (mashine ya kutengeneza peleti zinazoelea), na kwenye kizimba samaki asipowahi peleti inapita kwenye wavu inaenda chini ya ziwa, hela yako hiyo. Kwa bwawa ni nzuri sana, unamwaga sehemu moja yenye kina kifupi unaona wanavyokula. Kwa vizimba nunueni zinazoelea.

Umeme kama unao wa fezi tatu chukua mota ya fezi tatu, inavuta vizuri zaidi, na ikizunguka kinyume fundi anabadilisha waya mbili tu. Rola za akiba nunua pamoja na mashine, usisubiri ziishe, na pima kabisa tundu la katikati la dai na unene wake uandike ukutani, maana wauzaji wana dai za 150 zinazofanana kwa macho ila hazikai kwenye shafti yako.