Nguo za kuvaa ukisafiri daraja la kwanza safari ndefu, uzoefu wangu

Naona watu wengi wanaumiza kichwa na hili swali, wanadhani ukiwa na tiketi ya daraja la kwanza kuna mtu anakukagua nguo mlangoni. Hakuna bwana. Unaweza kukaa pembeni ya mtu kavaa tisheti na raba tu na anahudumiwa sawasawa na yule wa suti. Pa kuangalia ni launji, zile kumbi za kupumzikia uwanja wa ndege, maana kuna mashirika yana masharti yao, Qantas kwa mfano hawapokei ndala, nguo za ufukweni wala za kulalia kwenye launji zao. Na wale wanaoruka kwa tiketi za ndugu wa wafanyakazi wana sheria zao kabisa, mnakumbuka 2017 shirika la United la Marekani walivyowazuia wasichana kupanda sababu ya legingi, basi wale walikuwa kwenye hizo tiketi za wafanyakazi, abiria aliyelipa mwenyewe hahusiki.

Sasa mimi navaa nini. Suruali nyeusi ya kitambaa cha sufu laini ya merino, imefumwa inavutika, kiunoni ina kamba ya kufunga sio kifungo, na mfuko mmoja una zipu. Hii suruali nimeipenda mno. Ukiwa angani presha ya ndani ya ndege inakuwa kama uko mlimani, mita 1,800 mpaka 2,400 hivi (zile Boeing 787 na Airbus A350 ndo zina nafuu, zinakaa karibu na hiyo 1,800), kwahiyo gesi ya tumboni inatanuka, na daraja la kwanza wanakulisha kozi juu ya kozi. Mtu wa jinzi ngumu na mkanda ndo unamuona analegeza kifungo chini ya blanketi. Mi nalegeza kamba kidogo nageuka upande naendelea kulala. Pia haikunjiki, haishiki harufu, na pale kwenye ukaguzi hailii maana haina chuma. Ubaya wake ni mmoja, inaokota manyoya ya blanketi vibaya sana na kwenye nyeusi yanaonekana yote.

Juu navaa tisheti ya pamba ya mikono mirefu na sweta la kufungua mbele. La kufungua mbele jamani, sio la kuvulia kichwani, maana baridi na joto vinapokezana usiku kucha na wewe umelala umefungwa mkanda. Kitu kingine watu hawakifikirii, nailoni na poliesta zikipata moto zinayeyuka na kugandia kwenye ngozi, pamba na sufu haziyeyuki, ndo maana kwenye kupaa na kutua nabaki na suruali ndefu na viatu vya kufunika mguu hata kama slipa wameshanipa.

Soksi za kubana, hapo sina mjadala kabisa. Safari ya zaidi ya masaa 4 miguu inavimba hata kama kiti chako kinalala kama kitanda, sababu kupaa na kula bado umekaa. Za 15 mpaka 20 mmHg (kipimo cha nguvu ya kubana, kimeandikwa kwenye pakiti) zinatosha, vaa asubuhi kabla miguu haijavimba, na uvivute mpaka usione mkunjo hata mmoja, mkunjo ukibaki nyuma ya goti unazuia damu kupita badala ya kukusaidia. Mwenye matatizo ya mishipa ya miguu aongee na daktari kwanza.

Pajama usibebe. Mashirika mengi wanakupa daraja la kwanza kwenye safari ndefu na kwa kawaida unaondoka nazo, Emirates tangu 2016 wana zile wanazosema zinatunza unyevu wa ngozi. Mi kwa ukavu wa hewa ya kule ndani, unyevu unashuka chini ya asilimia 20, bado naamini mafuta na maji ya kunywa kuliko kitambaa. Ila muombe mhudumu saizi yako mapema kabla hamjapaa, saizi za watu wanene zinaisha haraka, na chukua kubwa kuliko unavyovaa.

Kubadilisha: kunja pindo za suruali mpaka magotini kabla hujaivua, sakafu ya choo cha ndege huwa na maji na hayo maji usiyaamini, simama juu ya viatu vyako. Asubuhi usisubiri taa ziwake, zikiwaka kila mtu anakimbilia huko na nguo mkononi. Na kama ni A380 ya Emirates yenye bafu, panga zamu yako ya kuoga mwishoni mwa safari, maji ni ya dakika 5, ingia na tisheti na chupi safi kwenye kimfuko kidogo, zile soksi za kubana zirudishe ukishajikausha vizuri maana kwenye ngozi mbichi hazipandi.