TAHADHARI: "Busta ya WiFi" unayouziwa huenda ni kisanduku cha faiba ambacho mipangilio yake imefungwa na kampuni

Wakuu, kuna wauzaji wa Instagram na magrupu ya WhatsApp wanaotangaza ruta za mtumba kwa jina la "busta": chomeka tu, WiFi inafika hadi chumba cha uani. Kupanua mtandao wa nyumbani kwa ruta ya zamani kunawezekana kabisa, ndiyo maana watu wananasa. Shida ni kwamba wengi wanakabidhiwa kile kisanduku cha faiba ambacho kampuni ya intaneti humwekea mteja. Mara nyingi ni mali ya kampuni, hata yule aliyemuuzia muuzaji hakuwa na haki ya kukiuza.

Kigeuze ukikague. Tundu dogo la mraba la kijani au buluu, maandishi ya GPON au EPON kwenye lebo, na taa ya LOS (ya kuonyesha faiba imekatika) mbele: hicho ni cha faiba. Kinaweza kutumika kama kituo cha pili cha WiFi, ila mpaka uwe na nenosiri la msimamizi mkuu. Lile lililobandikwa chini mara nyingi hufungua kurasa chache tu. Muuzaji atakwambia "bonyeza reset sekunde kumi". Mara nyingi reset kwenye vifaa hivi inakurudisha kwenye mipangilio ya kampuni, kufuli likiwa palepale.

Kwa hiyo usilipe kabla hakijawashwa mbele yako. Unganisha laptop kwa kebo, fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye lebo (aghalabu 192.168.1.1 au 192.168.0.1), kisha jaribu mambo mawili: kubadilisha IP ya LAN (anwani ya ruta yenyewe ndani ya nyumba) na kuzima DHCP (kazi ya kugawia simu na vifaa anwani). Kurasa hizo zisipokuwepo, au mabadiliko yakigoma kuhifadhiwa, mrudishie mzigo wake. DHCP ikibaki imewaka kwenye ruta zote mbili, hii na ile kuu ya nyumbani, kila moja itagawa anwani kivyake: simu hii inapata intaneti, ile inaonyesha WiFi imejaa na haifungui chochote.

Ikikubali, kazi ni ndogo. Ruta kuu ikiwa 192.168.1.1, ya pili ipe 192.168.1.2, hifadhi, ingia tena kwa anwani mpya, zima DHCP. Weka jina na nenosiri la WiFi lile lile, na usalama wa WPA2 yenye AES. Ukichagua TKIP, usalama wa zamani, kasi inagota 54 Mbps. Ruta kuu iwe chaneli 1, ya pili 6 au 11. Kebo itoke LAN ya ruta kuu iingie LAN ya pili, siyo WAN (tundu la kuingizia intaneti). Cat5e inabeba hadi mita 100, lakini kwangua waya mmoja kwa wembe kabla ya kununua: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa.

Anayekuahidi "bila waya na kasi inaongezeka" ni mwongo. Ruta ya redio moja inapokea na kutuma kwa zamu, kwa hiyo kasi inashuka karibu nusu.

Adapta nazo wanaokoteza yoyote inayoingia. Ruta ya 9V ikipewa 12V inaweza kuungua. Ya 12V 1A ikipewa 0.5A itawaka vizuri dukani, halafu nyumbani simu zikizidi inazima na kuwaka yenyewe.

Na si kila ruta isiyo na kufuli inafaa. Mei 2025 FBI ilitaja modeli zilizokwisha muda wake, zikiwemo Linksys E1200, E2500 na WRT310N, kwamba wahalifu wanaziingilia na kuzitumia kuficha nyendo zao. Hazipati masasisho tena. Hizo ziacheni hata kwa bei ya bure.

Aliyekwisha nunua iliyofungwa: kama ni ya faiba, dai hela yako. Kama ina WAN ya kebo na imewekwa kupokea anwani yenyewe, toa kebo LAN ya ruta kuu uingize WAN ya hiyo. Utaperuzi, ila simu za upande huo kwa kawaida hazitaziona runinga na printa kama ziko kwenye ruta kuu. Zote mbili zikitumia 192.168.1.1 zitagongana, basi badilisha ile kuu iwe 192.168.5.1.