Uzoefu wangu: kufaili ritani mwenyewe kwenye iTax baada ya miaka miwili ya sufuri

Kazi yangu ni tafsiri na ukalimani. Nimejiajiri tangu 2022. Ofisi yangu ni meza ya chumbani Likoni, na wateja wangu karibu wote wako ng'ambo ya feri: mawakili, mashirika, kampuni za mizigo ya bandarini. Sina mwajiri wa kunipa fomu ya P9, ile ya mshahara na ushuru uliokatwa, kwa hivyo kila Juni, wakati wa kufaili ritani, yaani kuieleza serikali mapato yako ya mwaka, nilifanya wanavyofanya wengi hapa Mombasa. Navuka feri, naingia saiba, duka la intaneti, naandika pini yangu ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, kwenye kipande cha karatasi, natoa shilingi 200 nifailiwe, narudi nyumbani na stakabadhi. Sikuwahi kuisoma. Nikishaona jina ni langu, naikunja naitia kwenye faili.

Machi 2025 mteja mpya akaniomba cheti cha kuonyesha kwamba ushuru wangu uko sawa. Safari hii nikakaa na kompyuta yangu mwenyewe nikafungua iTax, mtandao wa KRA wa kufailia ushuru. Unaweka pini, unaweka nywila, halafu unapewa hesabu ndogo ya kujumlisha au kutoa ndipo mlango ufunguke. Ndani, penye sehemu ya kuchapisha vyeti upya, nikakuta vyeti vya zuio, yaani ushuru ambao mteja anaukata kabla ya kukulipa, vyenye jina langu. Mwaka 2024 pekee vilikuwa tisa. Kila kimoja kinaeleza nani alinilipa, kiasi gani, na amezuia kiasi gani. Kisha nikafungua ritani zangu za 2022 na 2023. Mapato: sufuri.

Nilihisi mwili kunipoa. Serikali ilikuwa na karatasi zinazosema nimelipwa, na kwa jina langu ilikuwa na karatasi nyingine inayosema sikupata hata senti. Yule kijana wa saiba hakuwahi kuniuliza nafanya kazi gani. Nami sikumwambia. Lakini yeye ndiye aliyechukua pesa kwa kazi hiyo, na bado inaniuma.

Kesho yake nikaenda Huduma Centre pale Posta, Digo Road. Mhudumu aliyenipokea alinisikiliza mpaka nikamaliza, tena bila kunikemea. Nikamwambia nilidhani nikishakatwa asilimia 5 basi nimemalizana na ushuru. Akanijibu, "La, dada. Hiyo ichukulie kama arubuni. Hesabu yenyewe unaifanya mwaka ukiisha, arubuni inatolewa humo." Neno hilo moja lilinifungua macho kuliko maelezo yote niliyowahi kusoma. Anayekulipa ada ya utaalamu anazuia asilimia 5, anatakiwa kuiwasilisha KRA ndani ya siku tano za kazi, na cheti kinatokea kwenye akaunti yako. Pesa hiyo ni yako. Usipoidai kwenye ritani, hakuna atakayekukumbusha.

Nitaiweka hesabu yangu ya 2024 hapa, maana mimi nilitafuta mfano wa mtu kama mimi sikuupata. Nilipokea 560,000. Gharama za kazi zenye ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kama vile intaneti, matengenezo ya kompyuta, uchapishaji na mengineyo, zilifika 90,000. Faida ikabaki 470,000. Shilingi 288,000 za mwanzo hutozwa asilimia 10, ni 28,800. Laki inayofuata asilimia 25, ni 25,000. Zilizobaki, 82,000, zikaingia asilimia 30, ni 24,600. Jumla 78,400. Hapo unatoa nafuu ya ushuru anayopewa kila mtu kwa mwaka mzima, 28,800, inabaki 49,600. Ukitoa na arubuni yangu, yaani vile vyeti tisa vya jumla ya 25,000, deni ni 24,600.

Nauli za tuktuk na matatu zilinitoka nyingi mwaka ule, na sikuzitia hata moja. Tangu Januari 2024 sheria inataka gharama iwe na ankara ya eTIMS ndipo itolewe kwenye mapato, isipokuwa aina chache zilizosamehewa, na dereva wa tuktuk hakuandikii ankara. Niliumia lakini nikaziacha.

Fomu yenyewe unaishusha kutoka iTax na kuijaza kwenye kompyuta. Ni faili la Excel, na lipo la kufunguka kwa LibreOffice pia. Lazima uruhusu makro, vile viprogramu vilivyomo ndani ya faili, la sivyo vitufe havifanyi kazi. Mimi nilikaa nayo jioni mbili. Kazi kubwa ilikuwa ukurasa wa zuio, kwa sababu kila cheti unakiandika kivyake: pini ya aliyezuia, namba ya cheti, kiasi. Ukikosea tarakimu moja umejiharibia, kwa hivyo nilivichapisha vyeti vyote, nikawa nakipiga tiki kwa kalamu kila ninachomaliza. Mwisho unabonyeza kitufe cha kuhakiki, fomu inakuonyesha palipo na kosa, unarekebisha, kisha inajifunga kuwa faili la zipu. Hilo ndilo unalopandisha. Nikatengeneza namba ya malipo papo hapo, nikalipa kwa M-Pesa.

Ni fomu ya Kiingereza kitupu. Mimi riziki yangu ni kutafsiri na bado kuna mistari niliyoisoma mara tatu. Mshona nguo au fundi wa boti ana haki ya kuisoma kwa Kiswahili. Nasema hivyo kwa dhati, na kazi hiyo ningeifanya kwa moyo wote.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni tarehe. Tunaijua 30 Juni, mwisho wa kufaili, na ukipitisha hapo faini ya mtu binafsi haipungui shilingi 2,000. Lakini salio la ushuru wa mwaka uliopita linatakiwa liwe limelipwa kufikia 30 Aprili. Ukingoja Juni ufaili na kulipa kwa pamoja, tayari una adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Mimi niliponea kwa kuwa nilianza Machi.

Ile miaka miwili ya sufuri niliirekebisha kwa ritani za marekebisho, nikangoja ziidhinishwe. Kwa bahati, msamaha wa ushuru ulikuwa wazi hadi 30 Juni 2025: ukilipa deni lenyewe la hadi Desemba 2023, adhabu na riba zinafutwa. Mwaka 2023 nilikuwa nadaiwa 16,600, nikazilipa. Mwaka 2022 ndio ulionishangaza. Ushuru wangu ulikuwa 13,000 na nilikuwa nimezuiliwa 15,000. Muda wote huo, chini ya ile sufuri, zilikuwamo shilingi 2,000 zangu. Nimeomba nirejeshewe.

Mteja mmoja alinitoa jasho. Alikata asilimia 5 yake kwenye malipo ya Novemba, lakini cheti hakikuonekana. Bila cheti huna la kudai. Nilimpigia mhasibu wao, nikamwandikia, nikamwandikia tena, baada ya wiki mbili kikatokea. Sasa sisubiri mwisho wa mwaka. Kila baada ya kulipwa nangoja wiki moja, naingia iTax, natazama. Na mimi pia wateja wananidai ankara ya eTIMS kabla ya kulipa, kwa hivyo naitoa siku ileile ninayokabidhi kazi.

Haya ni ya sisi wa ada za utaalamu. Binamu yangu mwenye duka Kongowea njia yake ni nyingine: mauzo yake yako kati ya milioni 1 na milioni 25, analipa asilimia 3 ya mauzo kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Asiige hesabu yangu, nami nisiige yake.

Saiba nilirudi, si kwa ugomvi. Nilimwomba yule kijana awe akiwauliza watu kama wanafanya kazi ya kulipwa kabla ya kuwaandikia sufuri. Akaniambia wateja wenyewe ndio huitaka.

Wiki iliyopita jirani yangu mpiga picha, anayepiga harusi za mahoteli ya Nyali, alinijia na pini yake kwenye karatasi, kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Tuliingia kwanza kwenye vyeti. Tulikuta vinne ambavyo hakujua kama vipo.