Masega ya ekzosi yaliyoziba: uzoefu wangu na fundi wa Maweni, Malindi

Naandika kumsifu fundi mmoja wa ekzosi aliye na gereji ya uani huku Maweni. Namsifu kwa jambo moja hasa: alipima kabla ya kushika spana, na hakunifungia masega mengine (kataliti, yaani ile kauri yenye vitundu iliyo ndani ya bomba la moshi na inayosafisha moshi wa injini) hadi alipojua ni nini kilichoyaua yale ya kwanza. Wenye magari wanaoambiwa "kataliti imekufa, toa pesa" ni wengi mno mji huu, na ningependa wajue kazi hii ikifanywa vizuri huwaje.

Kazi yangu ni samaki. Nanunua Malindi, napakia kwenye Probox na barafu, naenda nao Kaloleni hadi Mariakani. Ukizunguka Malindi mjini na hata ukifika Watamu, njia ni tambarare, gari likiwa na ugonjwa wa namna hii unaweza usijue. Vilima baada ya Mavueni ndivyo vilivyonionyesha. Nakanyaga mafuta mpaka mwisho, injini inanguruma, na gari halipandi. Malori yenye mzigo yananipita. Joto likaanza kupanda chini ya miguu, petroli ikawa inaisha upesi, na nikisimama nyuma ya gari nasikia harufu ya mayai viza. Taa ya injini nayo ilikuwa inawaka tu, lakini kwenye mlima inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

Gereji ya kwanza niliyopitia, ambayo siitaji, walichomeka skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, ikatoa P0420, namba ya hitilafu inayosema masega hayafanyi kazi vizuri. Hawakuangalia kingine. "Masega yamekufa mama, tutayakata tukuchomelee bomba tupu. Gari litaruka, na hatukutozi kitu." Nikauliza, na masega yenyewe? Nikajibiwa yanabaki kwao. Hapo ndipo palipo na ujanja. Ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kubwa, na wako wanunuzi wanaopita gereji kwa gereji kuyatafuta. Hiyo "bure" unailipa wewe, tena unaondoka na gari linalomwaga moshi usiochujwa. Kazi ya masega ni kuigeuza kaboni monoksaidi, ile gesi isiyo na harufu inayoua watu ndani ya vyumba vilivyofungwa, iwe kaboni dioksaidi, na kuimaliza petroli ambayo haikuungua. Mimi napakia na kupakua huku injini inanguruma, watoto wa jirani wako pale pale. Bomba tupu silitaki.

Huyu wa Maweni nilielekezwa na dereva wa teksi wa uwanja wa ndege. Jambo la kwanza alilofanya ni kuniuliza: taa ilikuwa inawaka moja kwa moja, au ilikuwa inazimika na kuwaka? Nilipomwambia, akatikisa kichwa. Taa ikipepesa hivyo, alisema, injini inamisi, yaani kuna silinda isiyochoma petroli sawasawa, na petroli mbichi inashuka kwenye ekzosi. Inafika kwenye masega yaliyo moto, inawakia mle mle, joto linapita kiasi, kauri inayeyuka. Skana yake ilitoa P0420 pia, ila pamoja nayo P0303, yaani silinda ya tatu haichomi sawasawa. Namba hiyo ya pili ndiyo iliyobeba habari yote, na ile gereji ya kwanza hawakunitajia kabisa.

Akaifungua koili ya silinda ya tatu, ile inayoipa plagi umeme wa kuwasha petroli, akaihamishia ya kwanza, ya kwanza akaipeleka ya tatu. Akafuta kumbukumbu, tukatoka na gari mpaka daraja la Sabaki na kurudi. Namba ikageuka: P0301. Ugonjwa umeifuata koili. Jaribio hilo halikuhitaji kifaa cha bei, ni subira tu, na liliniokoa nisinunue koili nne.

Kisha akapima kuziba. Alifungua sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega, ile inayopima oksijeni iliyomo kwenye moshi, na kwenye tundu lake akafunga geji ya presha yenye mpira mrefu, akanipa niishike mwenyewe. Ekzosi isiyoziba, injini ikiwa imetulia, haipaswi kuzidi PSI (kipimo cha presha) moja na nusu hivi; ukiipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, isizidi kama tatu. Yangu ilipopandishwa mshale ulikwenda hadi nane na kubaki hapo, ukitetemeka. Moshi hauna pa kutokea. Injini inapumua ndani, haiwezi kupumua nje, ndiyo maana mlima ulikuwa unanishinda. Akalipiga bomba kwa nyundo ya mpira, na vipande vikasikika vikicheza ndani.

Aliniambia pia kwa nini P0420 peke yake haitoshi kuyahukumu masega. Kwenye magari mengi kuna sensa mbili za oksijeni, moja mbele ya masega na nyingine nyuma yake. Ya mbele hucheza juu na chini, volti 0.1 hadi 0.9; ya nyuma, masega yakiwa mazima, hutulia karibu 0.6 au 0.7. Ya nyuma ikianza kuiga ya mbele, kompyuta inasema masega hayafanyi kazi. Lakini gaskiti (kile kizibo kinachowekwa kati ya vipande vya bomba) inayovuja au bomba lililotoboka kwa kutu huingiza hewa na kuidanganya sensa hiyo. Huku kwetu chumvi ya bahari inavyokula mabomba, nadhani wako watu waliokatwa masega mazima kwa sababu ya kitundu cha kutu. Zamani petroli yenye risasi nayo iliyaua masega, ila hiyo iliondolewa Kenya na nchi nyingine za kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, kwa hiyo fundi akikupa sababu hiyo leo, mwulize vizuri.

Niliuliza kuhusu zile chupa za dawa ya kusafisha kataliti zinazouzwa madukani. Akasema masizi kidogo huenda yakasafishika, lakini kauri ikishayeyuka hakuna dawa ya kuirudisha. Angeweza kuniuzia, hakuniuzia.

Akaanza na koili, na plagi zote nne. Akanirudisha barabarani kwanza, nihakikishe injini haimisi tena, maana kufunga masega mengine juu ya injini inayomisi ni kuyachoma hayo pia. Baada ya hapo ndipo akaagiza masega yaliyotumika, yaliyotoka Japani, kutoka Mombasa. Bolti za zamani zilikuwa zimeganda kwa kutu. Mbili zilikatika, ikabidi zitobolewe kwa drili, na kazi hiyo ndiyo iliyomla muda kuliko zote. Gaskiti aliweka mpya.

Yale ya zamani alinikabidhi bila mimi kuomba. Uso wa mbele, ambao ungepaswa kuwa na vitundu vidogo vidogo vilivyojipanga, ulikuwa umeyeyuka na kuganda kama sukari guru, rangi ya kijivu inayong'aa. Ukiweka tochi upande mmoja, mwanga unapenya kwenye kona moja tu. Yale aliyoyafunga alinionyesha kwa tochi hiyo hiyo kabla ya kuyaweka, vitundu vyote wazi. Geji ikarudishwa: mshale haukufika hata PSI mbili.

Kupima nililipa shilingi 1,500, na akaikata kwenye malipo ya kazi nilipokubali matengenezo. Masega yenyewe yalikuwa 18,000, mbali na koili na plagi. Si pesa ndogo kwa muuza samaki. Ila vilima vya Kaloleni sasa napanda na mzigo kamili, gari halichemki chini ya miguu, na harufu imekwisha.

Onyo moja aliloniachia nalipitisha kwenu: bomba hilo huwa moto mno baada ya safari ndefu. Msiegeshe juu ya nyasi kavu, makuti, wala majani makavu ya mivinje yaliyorundikana. Mimi nyumbani nimefagia pale ninapoegesha.

Kasoro anazo. Hana mahali pa mteja kukaa, ni kivuli cha mwembe tu, na kwa mama mwenye mtoto mgongoni si rahisi. Spea ilichelewa kutoka Mombasa, na simu alipiga baada ya mimi kumpigia. Risiti niliandikiwa kwa kuomba, na dhamana ya masega ni ya maneno; nilimsihi aiandike nyuma ya risiti, akaandika miezi mitatu na kutia sahihi. Mwombeni mapema, kabla ya kulipa.

Kwa ekzosi, sensa na injini inayomisi, mimi nitamrudia. Breki na gia naendelea na fundi wangu wa siku zote.