PubSubClient kwenye banda la vifaranga, Uyole: uzoefu wangu

Nianze na jibu la swali la kama PubSubClient inafaa, maana wengi ndilo mnalolitafuta. PubSubClient ni laibrari (msimbo ulioandikwa tayari, unauingiza kwenye programu yako) nzuri kwa kutuma vipimo vidogo vidogo kutoka kwenye bodi ndogo ya kielektroniki kwenda mtandaoni, hata kwa mtandao wetu wa huku milimani ambao leo upo kesho haupo. Kwa kazi ambayo ujumbe mmoja ukipotea kuna hasara, chukua nyingine. Sasa nieleze kwa nini.

Mama mdogo wangu analea vifaranga Uyole. Anayeijua Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba hahitaji kusimuliwa baridi yake. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, halafu unashusha kama nyuzi 3 kila wiki. Majiko ya mkaa nayo yana tabia ya kufifia saa tisa usiku, saa ambayo hakuna mwenye hamu ya kutoka kitandani. Alichotaka ni kuona joto la bandani kwenye simu yake, awe chumbani au awe amekwenda msibani Tukuyu. Nikamfungia ESP32 (bodi ndogo yenye waifai), kihisi joto cha DS18B20 chenye ganda la chuma na waya mrefu, king'ora kidogo, na ruta ya laini ya simu yenye betri yake. DHT22, kihisi kingine cha joto ambacho wengi mnakipenda, nilikiacha makusudi. Ule uso wake wenye matundu haupatani na vumbi la maranda.

Lugha inayozungumzwa na bodi ni MQTT. Waliibuni Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo kila baiti ilikuwa na bei. Sisi tunaoishi kwa bando la wiki tumerithi ubahili huo bure. Bodi haiongei na simu moja kwa moja. Katikati yupo broka, programu inayopokea ujumbe na kuusambaza, mimi natumia iitwayo Mosquitto kwenye seva ndogo ya kukodi. Bodi inatuma ujumbe kwenye mada fulani, na kila aliyejiandikisha kwenye mada hiyo anaupata. PubSubClient, kazi ya Nick O'Leary, yule yule aliyeshiriki kuanzisha Node-RED (zana ya kuunganisha vifaa kwa kuchora), ndiyo inayoifundisha bodi lugha hiyo.

Kitu cha kwanza nilichokipenda ni kwamba haijali unaingia mtandaoni kwa njia gani. Unaipa waifai ya ESP32, inafanya kazi. Unaipa waya wa Ethernet, inafanya kazi. Unaipa modemu ya laini kupitia laibrari ya TinyGSM, vile vile. Ukitaka mawasiliano yaliyofichwa kwa TLS unaipa WiFiClientSecure yenye cheti cha kumtambua broka na kubadili mlango (port) kutoka 1883 kwenda 8883, basi. Mantiki yako ya juu haiguswi.

Sasa tuje kwenye bando, maana hapa ndipo watu wanapokosea hesabu. Mada yangu ni kuku/uyole/banda1/joto, herufi 22. Kipimo chenyewe, tuseme 31.5, ni herufi 4. MQTT inaongeza baiti 4 tu juu yake, jumla 30. Ukijumlisha na mizigo ya TCP/IP (kanuni za usafirishaji za intaneti) na uthibitisho wa kupokelewa, ujumbe mmoja unafika kama baiti 110. Kila dakika moja ujumbe mmoja, kwa siku ni kama kilobaiti 160. Hakuna kitu hapo. Kinachokula bando ni salamu. Laibrari hii, usipoigusa, inamgongea broka hodi kila sekunde 15 kuhakikisha yupo, na hodi moja pamoja na jibu lake ni zaidi ya baiti 120. Kwa siku unazungumzia kilobaiti 700 za hodi tupu, zaidi ya mara nne ya data yenyewe! Na usidhani kwamba kwa kuwa unatuma vipimo hodi zitapungua. Vipimo havijibiwi na broka, kwa hiyo laibrari ikiona kimya upande wa pili inagonga tu. Andika setKeepAlive(60), yaani hodi kila sekunde 60, kabla ya kuunganisha, hodi zinashuka hadi robo. Kipengele hicho kiliingia kwenye toleo la 2.8 la mwaka 2020. Kama una toleo la zamani, sasisha kwanza.

Siku nilipomwonyesha mama mdogo app kwenye simu yake, aliitazama ile namba kwa muda, kisha akauliza:

“Sasa baba, hili ni joto la saa hizi au la jana?”

Sijapata kusikia swali zuri kuliko hilo kutoka kwa fundi yeyote. MQTT inamruhusu broka kutunza ujumbe wa mwisho wa kila mada, ili anayefungua simu aone kipimo papo hapo bila kusubiri dakika ijayo. Kwenye laibrari hii ni kuongeza neno true mwishoni mwa publish(), amri ya kutuma. Raha sana, ila ina mtego wake. Bodi ikizimika, broka anaendelea kuonyesha 32 ile ile, vifaranga wameganda, na wewe unalala fofofo. Dawa yake ni wosia. Wakati bodi inajitambulisha kwa broka, inamwachia maneno: “Ukinipoteza ghafla, watangazie hivi.” Yangu inaacha neno KIMYA kwenye mada ya kuku/uyole/banda1/hali, nalo linatunzwa, na kila ikifanikiwa kuunganishwa inaandika HAI juu yake. Broka asiposikia chochote kwa muda wa mara moja na nusu ya ule muda wa hodi (keepalive), yaani sekunde 90 kwangu, anautoa wosia. Kwenye simu ya mama pale pembeni ya joto kuna duara, kijani au jekundu. Jekundu maana yake usiiamini namba, nenda bandani. Wosia unapitishwa ndani ya connect(), amri ya kuunganisha, na maelezo yake ni mafupi kiasi kwamba ni rahisi kuupita bila kuuona. Kwangu mimi ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote humu.

Lawama yangu kubwa ni kwenye mfano wanaoutoa kwa bodi za ESP. Mfano ule unasema: kama hujaunganishwa, zunguka hapa hapa, jaribu, subiri sekunde 5, jaribu tena, mpaka ukubaliwe. Mtu anaunakili kama ulivyo, anaongeza king'ora chake chini, anaridhika. Mtandao ukikatika, bodi inakwama kwenye ule mzunguko na king'ora hakilii hata jiko lizimike kabisa. Yaani siku ambayo mama hawezi kupata taarifa kwenye simu ndiyo siku ambayo king'ora nacho kimefungwa mdomo. Kuna mfano mwingine humo humo, unaitwa mqtt_reconnect_nonblocking, unaojaribu mara moja na kuendelea na shughuli nyingine. Anzia huo. Hata hivyo jaribio moja lenyewe linaweza kuishikilia bodi kama broka hajibu, kikomo chake cha kawaida ni sekunde 15, nami nimekishusha kwa setSocketTimeout(). Kusoma joto na kuliza king'ora viko kwenye kazi ya pembeni ya ESP32, havimsubiri broka. Lakini loop() ya laibrari, amri inayoshughulikia hodi na ujumbe unaoingia, lazima iitwe mara kwa mara. Ukiweka delay(), amri ya kusubiri, ya dakika mbili katikati, broka atakuhesabu umekufa.

Mambo mengine nayapitia haraka. Pakiti nzima, mada ikiwemo, mwisho wake ni baiti 256. Ukizidisha, publish() inarudisha false kimya kimya, hailalamiki popote. Wanaotuma vipimo vya vihisi vingi kwa JSON (maandishi yanayobeba vipimo vingi pamoja) ndefu waongeze kwa setBufferSize(). Kila bodi iwe na jina lake la kujitambulisha. Fundi mwenzangu wa Iringa alinakili programu moja kwenye bodi mbili bila kubadili jina, zikawa zinafukuzana kwa broka, moja ikiingia nyingine inatolewa, naye akawa anailaumu laini ya simu. Na kama unaweka Mosquitto toleo la 2.0 au zaidi, usishangae bodi kukataliwa. Bila kuiandikia mstari wa listener (mlango wa kupokelea wageni) kwenye faili la mipangilio, inasikiliza mashine yake yenyewe tu.

Misimbo ya makosa ni mizuri kuliko nilivyotarajia. Ukiuliza state() unapewa namba: -2 njia ya kumfikia broka imeshindikana, -4 broka hakujibu kwa wakati, 4 jina au nenosiri si sahihi, 5 huna ruhusa. Mama hana kompyuta ya kusomea namba hizo, kwa hiyo nimezigeuza kuwa mikonyezo ya taa ya buluu, na karatasi yenye maelezo nimeibandika ndani ya mfuniko wa kopo la siagi ambalo bodi inaishi. Usiku mmoja alinipigia: “Inakonyeza mbili mbili.” Nikamwambia, “Shikamoo mama, bando limeisha hilo.” Akaweka vocha, duara likarudi kijani kabla hatujamaliza kusalimiana. Waifai ya ruta ilikuwa hai muda wote huo, ndiyo maana bila namba ile angeweza kukesha akiizima na kuiwasha ruta bure.

Udhaifu wake sasa. PubSubClient inatuma kwa QoS 0 (ngazi ya chini kabisa ya uhakika wa ujumbe kufika) peke yake. Maana yake inaurusha ujumbe na kusahau. Kupokea inaweza QoS 1, ambayo ujumbe unathibitishwa kupokelewa, kutuma haiwezi. Haitunzi foleni ya ujumbe ulioshindwa kwenda. Hata publish() ikikujibu true, ujue ni kwamba imeukabidhi kwa mtandao tu, si kwamba umefika. Mtandao ukipotea nusu saa, grafu ya mama ina pengo la nusu saa. Kwa joto la banda sijali, dakika ijayo italeta kipimo kipya. Pia haijui MQTT 5, toleo jipya zaidi la lugha hiyo, inaishia 3.1.1.

Kuna mkulima wa mpunga Igurusi ameniomba nimfungie bodi ya kuwasha na kuzima pampu, na kila ikizima itume rekodi ya maji aliyotumia ili agawane gharama na jirani. Hiyo siipeleki kwa PubSubClient. Rekodi moja ikipotea, majirani wawili wanaacha kusalimiana. Kwake natumia arduino-mqtt, laibrari ya Joël Gähwiler, ambayo kwenye publish() unachagua QoS 1 au 2, na rekodi nitaziandika kwanza kwenye kadi ya kumbukumbu, zifutwe pale tu broka anapokiri kuzipokea. Banda la mama mdogo litabaki na PubSubClient. Wiki ijayo naongeza bodi ya banda la pili, na kazi kubwa itakuwa kuvuta waya wa umeme, programu nabadilisha jina la bodi na mada tu.