Dhamana za muda mfupi, Kenya au Uganda: mnunuzi wa nje achukue ipi?

Dhamana hizi ni mkopo unaoupa serikali kwa siku zisizozidi mwaka, nayo inakurudishia na riba. Kwa Mtanzania, au mgeni mwingine mwenye fedha ya kuiacha ikae miezi mitatu hadi mwaka, mimi napanga hivi: kwanza ya Uganda ya siku 364, pili ya Kenya ya siku 91, mwisho ya Kenya ya siku 364. Zile za siku 182 zipo kote kuwili, lakini sioni cha kuzitenga.

Riba iache kidogo, maana ndiyo inayowapofusha watu. Januari 2023 dola ilikuwa kama shilingi 124 za Kenya, na dhamana ya siku 364 ilitoa zaidi kidogo ya 10%. Aliyeingia na dola 10,000 alipata shilingi milioni 1.24. Ilipoiva na kodi ikakatwa, mkononi ana kama milioni 1.35. Kwa shilingi amenenepa. Ila dola nayo ilikuwa inagusa 160, kwa hiyo akibadilisha anaondoka na dola 8,400 hivi. Serikali imemlipa kila senti. Kilichomla ni sarafu. Aliyenunua ya siku 91 Januari 2024 akakuta kinyume chake: riba juu ya 15%, na kufikia Aprili dola imeporomoka hadi 130 na ushei. Huyo alibahatika tu, asije akajiita mtaalamu.

Shilingi ya Uganda haina vituko hivyo. Kwa miaka sasa imezungukazunguka takriban kati ya 3,500 na 3,900 kwa dola, na riba yake ya mwaka mzima imebaki juu wakati ya Kenya ilishuka sana kati ya 2024 na 2025. Ndiyo maana naiweka mbele, ingawa kodi yake inauma: Uganda inakata 20% ya riba, Kenya 15%. Ukiona Uganda 10%, kinachobaki ni 8%. Kenya ikitoa 9.4% unabaki na hiyo hiyo 8%. Pengo la riba likiwa dogo kuliko hapo, Uganda haikufai.

Kenya ya siku 91 inamfaa mwenye matumizi kule kule, kama mzazi anayelipa ada Nairobi au mfanyabiashara anayefuata mzigo. Hana haja ya kurudisha fedha kwenye dola. Huuzwa kwa mnada kila wiki, kiwango cha chini shilingi 50,000. Usitegemee kutoka kabla ya siku: Benki Kuu ya Kenya huinunua tena kama njia ya mwisho, kwa riba iliyoongezwa asilimia 3 juu ya ile ya soko, yaani kwa bei ya chini, na hasara hiyo ni yako.

Uganda mnada ni kila wiki mbili, na shilingi 100,000 za kule zinatosha kuingia. Isikudanganye. Kwa fedha ndogo kiasi hicho, gharama ya kutuma na kubadilisha inameza riba yote. Kabla ya kufungua akaunti, iulize benki ya huko makato ya kukutunzia dhamana na bei yake ya kubadilisha fedha, kwenda na kurudi.

Mtanzania alinganishe pia na ya nyumbani: kodi 10%, kuanzia shilingi 500,000, na sarafu habadilishi.