Kamera isiyo na kioo kwa kazi ya picha mnato: ipi ununue ukiwa Nakuru, Kisumu au Kakamega

Wapiga picha wa harusi, mahafali na studio huuliza swali moja: kwa nini nilipie video nisiyoitumia? Kamera isiyo na kioo (mirrorless) ikitengenezwa kwa picha mnato pekee, si itashuka bei na kuwa bora? Kwa upande wa bei, hapana. Kwa upande wa umbo, ndiyo, na tofauti hiyo ndiyo iliyopanga orodha hii.

Katika kamera ya kioo (DSLR), kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga, kilipumzika hadi ubonyeze shata. Kamera isiyo na kioo haina mapumziko hayo. Ukishaiwasha, kihisi husoma mwanga mfululizo, na unachokiona kwenye kitazamio, kile kidirisha unachochungulia, tayari ni video. Kuirekodi kunahitaji kichakataji ambacho kimo ndani hata hivyo, maikrofoni ndogo na programu. Ukiiondoa unaokoa kidogo, kisha unawafukuza wanunuzi wengi ambao mnagawana nao gharama ya kuibuni kamera.

Wazo la kamera isiyo na video limeshajaribiwa. Panasonic Lumix G1 ya 2008, iliyofungua njia ya kamera hizi, haikurekodi video. Mwaka uliofuata GH1 ikaja nayo. Mwaka 2013 Nikon walitoa Df, kamera ya kioo isiyo na video, bodi, yaani kamera bila lenzi, ikiuzwa Marekani karibu dola 2,750. D610 ya mwaka huohuo, yenye video, ilikuwa karibu dola 2,000. Df ilibeba kihisi cha D4, kwa hiyo sehemu ya tofauti ilitoka hapo, lakini hakuna aliyepunguziwa hata senti kwa sababu ya video kukosekana. Leica waliiondoa video kwenye M10 mwaka 2017, na Hasselblad X2D 100C ya 2022 haina. Zote mbili ni kamera za watu wenye fedha nyingi sana.

Cha kuogopa ni kamera iliyochongwa kwa ajili ya video tangu mwanzo: isiyo na kitazamio, isiyo na shata ya mitambo (pazia halisi linalofunguka na kufunga mbele ya kihisi), yenye nafasi moja ya kadi. Kwa upande mwingine, kamera yenye video dhaifu hukimbiwa na wapiga video, bei yake ya mtumba inashuka, na mpiga picha mnato anafaidika bila kupoteza chochote. Huo udhaifu ndio punguzo lako.

1. Nikon Z5

Hii ndiyo ya kwanza kwa harusi, mahafali na studio. Ilitoka 2020 ikiwa na kihisi cha fremu kamili (ukubwa wa filamu ya 35mm) cha megapikseli 24.3, kitulizaji cha mtikisiko ndani ya bodi, kitazamio kizuri cha nukta milioni 3.69 na nafasi mbili za kadi za SD. Video yake ya 4K hutumia katikati ya kihisi tu, yaani hukata picha mara 1.7, kwa hiyo wapiga video huiruka. Wewe usiiruke.

Nafasi mbili za kadi si anasa. Kadi ikifa baada ya ndoa kufungwa, hakuna namna ya kuwaambia bwana na bibi harusi warudie viapo. Iweke kamera iandike picha ileile kwenye kadi zote mbili. Faili moja ya RAW (picha ghafi) iliyobanwa huwa karibu MB 25, hivyo picha 2,000 ni takriban GB 50. Nunua kadi mbili za GB 64 au zaidi, zenye alama ya kasi ya V30.

Lenzi ya 24–50mm inayouzwa pamoja nayo hufunguka f/4 hadi f/6.3 tu (namba ya f ikiwa kubwa, mwanga huingia kidogo). Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo hiyo ni giza tupu. Ongeza 40mm f/2 au 50mm f/1.8. Kama una lenzi za Nikon za zamani, adapta ya FTZ inafokasi yenyewe kwa zile za AF-S, zenye mota ndani. Za AF-D zitaingia lakini utazungusha fokasi kwa mkono, na wengi hugundua hilo wakiwa wameshalipa.

Kasoro yake ni mwendo: picha 4.5 kwa sekunde, na fokasi huchelewa kwa mtu anayekimbia. Z5 II ya 2025 imeliponya hilo kwa kiasi kikubwa, kama mfuko unaruhusu.

2. Sony A7 III

Ya 2018, megapikseli 24.2, picha 10 kwa sekunde, na fokasi inayoshika jicho la mtu na kutoliachia. Betri ya NP-FZ100 hutoa picha 710 kwa CIPA, kipimo cha pamoja cha watengenezaji kamera. Kwa kazi halisi hupita hapo. Pale umeme unapokatika tangu asubuhi, hilo ni jambo kubwa. Kuna lenzi nyingi za Sigma na Tamron za kuchagua.

Imeshika nafasi ya pili kwa sababu kitazamio chake ni hafifu, nukta milioni 2.36, na kwa sababu wapiga video nao wanaitaka, hivyo bei haishuki kwa urahisi. Tahadhari nyingine: bodi za Sony zilizouzwa kwa soko la Japani huwa na menyu ya Kijapani pekee, na hakuna mpangilio wa kuibadilisha. Fungua menyu kabla ya kutuma M-Pesa.

3. Canon EOS R10, kwa wanyama na ndege

Kwa Ziwa Nakuru tungeipandisha hadi nafasi ya kwanza. Kihisi chake kidogo hukuza lenzi mara 1.6, kwa hiyo RF 100–400mm f/5.6–8, yenye gramu 635 tu, inakuwa kama 640mm. Hupiga picha 15 kwa sekunde kwa shata ya mitambo na hutambua macho ya wanyama na ndege. Bafa (kumbukumbu ya muda ya kamera) hujaa haraka kwenye RAW; piga vipindi vifupi. Zima injini ya gari, kisha ulaze lenzi dirishani juu ya kifuko cha kitambaa chenye kilo 2 za mahindi. Kwa harusi haitoshi: nafasi moja ya kadi, na hakuna kitulizaji ndani ya bodi.

4. Canon EOS RP

Ya 2019, fremu kamili kwa bei ya chini. Ukiwa na lenzi za EF kutoka kamera ya kioo ya Canon ya zamani, adapta huzifanya zifokasi vizuri kabisa. Betri yake hupimwa picha 250, kwa hiyo nunua tatu. Kadi ni moja tu. Kwa studio ya picha za pasipoti na familia inatosha na kubaki.

Ya mwisho: Sony ZV-E10 na ZV-E10 II

Zinauzwa sana kwa sababu ya video, na wauzaji huzisifu hata kwa mpiga picha mnato. Hazina kitazamio; saa nane mchana pale Dunga, ufuoni Kisumu, skrini haionekani kwa jua. ZV-E10 II haina hata shata ya mitambo, kwa hiyo flashi haifanyi kazi nayo. Kwa mpiga picha wa studio hapo mazungumzo yamekwisha.

Ukinunua mtumba

Wanunuzi wengi huuliza idadi ya shata na kuishia hapo. Idadi hiyo haihesabu saa za video. Kamera yenye shata 8,000 inaweza kuwa imerusha ibada mubashara kila Jumapili kwa miaka mitatu, kihisi kikichemka saa nzima. Angalia tundu la HDMI kama linalegea na tundu la skrubu ya stendi kama limelika. Kisha funika lenzi, piga picha ya sekunde 10 kwa ISO 1600 na uikuze: nukta nyingi nyekundu, kijani au nyeupe ni dalili ya kihisi kilichochoka. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya vumbi. Vumbi husafishika, mikwaruzo haisafishiki.

Lenzi imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Kisumu na Kakamega zina unyevu, na nyuzi kama za buibui ndani ya kioo ni kuvu. Usiinunue, hata kwa nusu bei. Lenzi zako mwenyewe ziweke kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na pakiti za silika jeli. Jioni kando ya ziwa, wakati sami, wale wadudu wadogo wa ziwani, wanapojaa kwenye taa, usibadilishe lenzi nje: kihisi cha kamera isiyo na kioo kiko wazi pale mbele, na mdudu mmoja aliyepondeka juu yake ni safari ya kwa fundi.

Kuifanya iwe ya picha mnato

Kitufe chekundu cha video hubonyezwa kwa bahati mbaya na kujaza kadi. Kwenye Z5, swichi ikiwa upande wa picha, kitufe hicho unaweza kukipa kazi nyingine. Kwenye A7 III kiwekee kirekodi katika hali ya video pekee.

Mwisho ni shata. Acha ya mitambo iwe ndiyo ya kawaida. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za LED za bei nafuu hupwesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya kielektroniki huchora mistari ya giza kwenye gauni jeupe. Ukumbini tumia 1/100 au 1/50. Mistari ikibaki hata hapo, taa yenyewe ndiyo mbovu: msogeze bibi harusi karibu na dirisha.